Acheni Kuviita Vita vya Wazungu

Kuna kauli ambayo ukikaa Bumula, Kanduyi au Kimilili, huku Bungoma, utaisikia kabla mazungumzo ya historia hayajafika mbali: vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vita vya Wazungu. Mwingereza na Mjerumani waligombana kwao, wakaja kumalizia ugomvi wao huku, babu zetu wakakamatwa wabebe mizigo, waliobahatika wakarudi, basi. Kauli hiyo inapendwa kwa sababu ina sura ya uzalendo. Inamkana mkoloni na kukataa kusimama naye kwenye picha. Walimu wanaitumia, wanasiasa wanaitumia, na mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani kuhusu vita hivyo ataeleza vilivyoanzia Ulaya na vilivyoishia Ulaya, kana kwamba Voi, Longido na Tanga ni vitongoji vya Paris. Nasema kauli hiyo, pamoja na uzalendo wake wote, ni ya mlowezi. Yeye ndiye aliyetangulia kudai kwamba vita vile ni vyake. Sisi tumemwitikia tu. Na tunapomwitikia hatumwachii sifa peke yake. Tunamwachia pia sababu iliyotolewa mwaka 1919 wakati ardhi ya Trans Nzoia ilipogawanywa.

Tumtazame kwanza mlowezi mwenyewe, tena kwa haki. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, wakulima wa Kizungu waliacha mashamba yao wakamiminika Nairobi na farasi wao, nyumbu wao na bunduki walizokuwa wakiwindia simba. Wakaunda kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Mwanzoni kilikuwa mkusanyiko wa makundi tu, kila kundi na kiongozi wake na jina lake. Bowker's Horse lilikuwa moja. Makaburu wa nyanda za Uasin Gishu, majirani kabisa wa Trans Nzoia, walikuja na makundi yao pia. Walikuwa watu wa aina ileile ya mkulima wa Australia aliyeacha kondoo wake akapanda meli pamoja na farasi wake kwenda Misri na hatimaye Palestina. Walijua kulenga shabaha, walijua kulala nje, na walidhani vita vitakuwa msako mrefu wa mnyama mkali. Tarehe 3 Novemba 1914 walipelekwa kushambulia kilima cha Longido, ng'ambo ya mpaka, pamoja na Wahindi wa jeshi la Uingereza. Nyumbu waliobeba maji wakashambuliwa, wakatimua mbio, na jioni jeshi zima likarudi lilikotoka likiwa na kiu. Baadhi ya wakulima wale waliuawa pale. Hilo halina ubishi, na asiwepo wa kumcheka mtu aliyekufa kwa risasi kwenye kilima kikavu.

Lakini angalieni kilichofuata. Kikosi kile cha wakulima hakikudumu. Wengine waliugua, wengine walipewa uofisa katika King's African Rifles au kazi za upelelezi, wengine walirudi kulima kwa sababu koloni nalo lilihitaji chakula, na kufikia 1917 kikosi kilikuwa kimekwisha. Mwaka 1916 jenerali Jan Smuts aliletwa kutoka Afrika Kusini na wapanda farasi wengi zaidi, akiamini kwamba mwendo wa kasi ungemzingira Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na kummaliza. Aprili mwaka huo kikosi cha jenerali wake, Van Deventer, kilitoka Arusha katikati ya masika na kuiteka Kondoa Irangi. Kondoa ilipatikana, ila kikosi kilifika huko karibu nusu ya watu wake wakiwa hoi kwa malaria na farasi wakiwa wamelala njiani kwa mamia. Mbung'o hakujua nani amezaliwa Devon na nani Transvaal. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, jeshi lile lilipoteza farasi 10,000, nyumbu 10,000, ng'ombe wa kukokota 11,000 na punda 2,500. Tarakimu hizo ni za miezi 2 tu. Mtu akisoma hesabu hiyo mara moja, ile picha ya mkulima juu ya farasi akiikomboa Afrika Mashariki haiwezi kumkalia tena akilini. Vita viliendelea miaka 2 baada ya farasi kufa. Aliyeviendeleza alikuwa anatembea kwa miguu.

Upande wa bunduki jambo liko wazi kwa yeyote anayetaka kulitazama. King's African Rifles (KAR) ilianza vita na askari Waafrika wapatao 2,400. Ilipofika 1918 walikuwa zaidi ya 30,000, kwa sababu Waafrika Kusini weupe na Wahindi walikuwa wamerudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Mapigano makali kupita yote, yale ya Mahiwa ya Oktoba 1917 kusini mwa Tanganyika, yalipiganwa kwa sehemu kubwa na Wanijeria na askari wa KAR upande mmoja, na askari Waafrika wa Mjerumani upande wa pili. Hata wapanda farasi wenyewe hawakuwa weupe wote. Katika kikosi cha Berkeley Cole walikuwemo Wasomali.

Ila si bunduki ninayotaka kuishughulikia zaidi, ni mzigo. Mtu husema, kwa dharau asiyoitambua, kwamba babu zetu "hawakupigana, walibeba tu." Hebu tupige hesabu ya huko kubeba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi alihitaji posho ya karibu kilo 1 ya unga kwa siku. Akitumwa kupeleka unga kwa askari walio mwendo wa siku 10 kutoka reli, atakula kilo 10 akienda na 10 akirudi. Kilo 20 zimeishia tumboni mwake. Askari ameletewa kilo 5. Sogeza mstari wa mbele mbali kidogo, siku 12 au 13, na mpagazi atakuwa amebeba chakula chake mwenyewe tu. Ndiyo sababu jeshi lilihitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na kila hatua ambayo Lettow-Vorbeck aliwavuta nayo kusini, kuelekea Rufiji, Ruvuma na hatimaye Msumbiji, ilidai maelfu mengine ya vichwa na mabega. Lori zilikwama kwenye matope ya udongo mweusi na farasi walikuwa wamekwisha. Katika vita vya namna hiyo mpagazi hakuwa msaidizi wa jeshi aliyekaa pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa reli, lori na farasi. Jenerali aliweza kwenda hadi pale unga ulipofika, asipite hapo hata hatua moja.

Na unga wenyewe uliua. Watu wa nyanda hizi za magharibi walikuwa wamezoea ugali wa wimbi na mtama. Jeshini walipewa unga wa mahindi, mkavu, uliosagwa kwa pupa, ambao unahitaji maji mengi na moto wa muda mrefu. Mtu amefika kambini jioni, ametembea tangu alfajiri, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa kundi zima. Anakoroga kidogo, anakula uji mzito ulio mbichi katikati. Asubuhi tumbo limechafuka. Baada ya wiki ni kuhara damu. Ana blanketi moja, nalo limelowa. Hivyo ndivyo walivyokufa wengi wao, na wala si kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza, idadi ya wapagazi waliokufa inakadiriwa kuwa karibu 95,000 hadi 100,000 kutoka makoloni yote yaliyotoa watu, na zaidi ya 40,000 kati yao walitoka katika nchi hii tunayoiita Kenya leo. Linganisha na kilima cha Longido, kisha useme tena vita vilikuwa vya nani.

Najua jibu linalokuja hapo, na ni jibu zito: walilazimishwa. Mtu aliyefungwa kamba na askari wa chifu hawezi kuambiwa vita ni vyake. Kusema hivyo ni kumvika mtumwa nishani ya bwana wake. Ni kweli walilazimishwa. Mwaka 1915 serikali ya koloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa nguvu. Mwaka 1917, wapagazi walipozidi kupungua, John Ainsworth alipewa madaraka ya kukusanya watu nchi nzima, na ndani ya miezi michache alipata zaidi ya laki 1. Ainsworth hakuokotwa tu. Alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza kwa miaka 10, na Bumula ya leo ilikuwa sehemu ya North Kavirondo ndani ya jimbo hilo. Alijua kuna vijana wangapi huku na alijua machifu gani na mawakala gani, wengine walioletwa kutoka Wanga kuwatawala Wabukusu, wangeweza kuwatoa. Ikumbukwe pia kwamba miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu ofisa wa Mwingereza, C. W. Hobley, alete silaha kwenye maboma ya Wabukusu ya Lumboka na Chetambe. Aliyekuwa mtoto kwenye boma la Chetambe mwaka 1895 alikuwa mtu mzima mwenye nguvu mwaka 1915.

Lakini sheria ya lazima haikumgusa Mwafrika peke yake. Mwaka huohuo wa 1915 koloni lilipitisha sheria ya kuwalazimisha walowezi nao watumike vitani, kwa sababu ile shauku ya Agosti 1914 ilikuwa imepoa na wengi walikuwa wameyakumbuka mashamba yao. Basi tuulize: mlowezi aliyeandikishwa kwa sheria aliambiwa mwaka 1919 kwamba utumishi wake hauhesabiki kwa kuwa hakujitolea? Hakuna aliyemwambia hivyo. Kulazimishwa hakukupunguza dai lake hata senti moja. Kwa nini basi kulazimishwa kuwe ndiko kunakofuta dai la mtu wa Bumula? Tukisema vita havikuwa vyake kwa sababu alilazimishwa, tunatumia kipimo ambacho serikali yenyewe ya kikoloni haikukitumia kwa watu wake. Sijamvisha nishani yeyote. Naongelea deni, na mtu hudai alichofanyishwa kwa nguvu kuliko hata alichofanya kwa hiari.

Sasa tuje Kitale, katika Trans Nzoia, maana huko ndiko kauli hii inakotugharimu. Mwaka 1919, gavana akiwa Edward Northey, naye mwenyewe jenerali wa vita vile upande wa Nyasaland, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi askari waliostaafu. Zaidi ya ekari milioni 2 zilitengwa. Mashamba 257 ya ekari 160 yalitolewa bure, na mengine zaidi ya 1,000, makubwa zaidi, yakauzwa kwa malipo ya polepole. Bahati nasibu ilichezeshwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi: majina yalitolewa, na aliyetangulia kutajwa akatangulia kuchagua. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawanywa hivyo, na wilaya ile ya walowezi ilikua kutokana na mgawo huo. Sharti la kwanza lilikuwa rangi: uwe wa asili ya Ulaya. Na hili ndilo linalovunja kabisa hadithi ya mkulima mpanda farasi aliyelipwa kwa jasho lake: haikudaiwa kwamba uwe umepigana Afrika Mashariki. Ofisa aliyekaa kwenye mahandaki ya Ufaransa, ambaye hajawahi kuiona Longido wala kuugua malaria, aliingia katika bahati nasibu sawa na yule aliyemzika mwenzake kwenye mapigano ya kilima cha Salaita. Kwa hiyo ardhi ile haikuwa ujira wa kuitetea nchi hii. Kama ingekuwa hivyo, wa kwanza kuitwa wangekuwa waliobeba unga hadi Rufiji.

Mpagazi aliyerudi yeye alipata nini? Mshahara wake ulikuwa umeshushwa vita vikiendelea, hadi rupia 5 kwa mwezi za kuanzia, ili koloni lisipandishe bei ya vibarua. Mishahara ya waliokufa ambayo haikuchukuliwa ilibishaniwa na ofisi za serikali kwa miaka mingi, na familia hazikuiona. Kisha ikaja kipande, kilichopitishwa kuwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika mara tu baada ya vita: karatasi yenye alama za vidole ndani ya kibweta cha chuma, inaning'inia shingoni kama ilivyoning'inia ile namba ya jeshini. Sheria ya 1918 nayo ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Jumlisha. Kijana wa Bumula au Malakisi aliyenusurika anarudi mwaka 1918 au 1919, mwaka wa njaa na homa ya mafua makali, anaambiwa kodi imepanda, anakwenda Trans Nzoia kutafuta kazi, na anamkuta mwenye shamba mpya ambaye haki yake ya kuwa pale ni kwamba alikuwa vitani. Wote wawili walikuwa vitani. Mmoja ana hati, mwingine ana kipande. Na mjukuu wa huyu wa pili ndiye anayesema leo, akidhani anajitetea, kwamba vita vile havikutuhusu.

Wapo watakaodakia kwamba Trans Nzoia ilikuwa pori tupu, hakunyang'anywa mtu. Hilo nalijibu kwa ufupi: tume ya ardhi ya 1932 na 1933 ililetewa malalamiko ya Wasabaot juu ya ardhi ile ile, na pori tupu halina walalamikaji. Wengine, wenye tahadhari zaidi, wataniambia ninachokoza mambo ya ardhi mahali ambapo watu wameumia vya kutosha. Nawaelewa. Sisemi shamba lolote la leo ni la ukoo fulani. Wasabaot, Wabukusu, Wanandi na Wapokot wana madai ambayo makala haya hayawezi kuyapima, na wengi waliopo leo walinunua kwa fedha zao, wakichanga kupitia makampuni na vyama vya ushirika, au kwa mikopo ya serikali iliyoanza na mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Lakini hata hapo liko jambo la kujiuliza. Mlowezi alipoondoka alilipwa fidia kwa ardhi aliyopewa kwa hoja ya vita, na mtoto wa mpagazi akakopa ili ainunue. Hoja ya vita ililipwa mara ya pili, safari hii na sisi.

Wala tusidhani hili ni la kwetu tu. Australia nayo ilikuwa na mpango wake wa kuwapa mashamba wapiganaji waliorudi, wakiwemo wale wapanda farasi wa Palestina. Wenyeji wa asili wa bara lile waliotumika katika vikosi hivyo hivyo walinyimwa, isipokuwa wachache mno, ingawa ardhi iliyokuwa ikigawanywa ilikuwa ya mababu zao. Tofauti ni kwamba huko kila aliyekufa ameandikwa jina lake kwenye ukuta wa kumbukumbu mjini Canberra, mweupe na asiye mweupe. Mtafiti anaweza kumtaja mkulima wa Queensland kwa jina, kijiji na siku aliyoanguka. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, tunazo sanamu 3 za shaba zilizosimamishwa miaka ya 1920, moja ikiwa ya mpagazi asiye na silaha. Zimechongwa vizuri. Hazina jina la mtu hata mmoja.

Uamuzi wa kutoandika majina ulifanywa na watu ofisini, kwa hoja kwamba Mwafrika hangeelewa wala kujali kaburi lenye jina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kwetu habari ile ilipita kama ya mpira wa Ulaya. Na ingepitaje vinginevyo? Mtu anayeamini vita vilikuwa vya Wazungu ataona radhi hiyo nayo ni ya Wazungu wao kwa wao.

Pingamizi la mwisho ni la kukata tamaa: miaka zaidi ya 100 imepita, orodha zilipotea, tutayatoa wapi majina? Orodha za serikali zina mapengo, kweli. Lakini Wabukusu hawakuwahi kutegemea faili la DC kujua nani alikuwa nani. Rika la tohara lina mwaka wake, na anayejua rika la babu anajua alikuwa na umri gani Ainsworth alipokuja kuchukua watu. Kwenye kumuse, mzee anaposimama baada ya maziko ya mtu mkubwa, hutaja ukoo hadi mbali, nani alihamia wapi, nani alipigana na nani, nani alitoka asirudi. Serikali ya kaunti ya Bungoma ina idara ya utamaduni na inatenga bajeti kila mwaka. Ianze na wadi 1 ya Bumula, ikae na wazee wa kila ukoo, iandike jina la kila aliyechukuliwa, rika lake, aliyerudi na asiyerudi, kisha ipeleke orodha hiyo Nairobi na kwa tume ile ya makaburi, pamoja na swali la mishahara ambayo familia hizo hazikulipwa.